Daftari langu la kuilalamikia Coldplay

Nina daftari la jalada jekundu ambalo huwa silionyeshi watu. Tangu 2005, kila Coldplay, ile bendi ya Uingereza, walipotoa albamu, nilikuwa naisikiliza mara moja usiku uleule, kisha naandika hukumu yangu humo kwa kalamu ya wino, kama hakimu. Majuzi nilikuwa napanga vitabu nikalikuta, nikakaa sakafuni kulisoma. Nilicheka, halafu nikaona haya.

Mwaka 2005, walipotoa X&Y, niliandika: "Vinanda vya umeme vimejaa kila pembe. Warudi kwenye gitaa." Mwaka 2008, Viva la Vida, waliyoifanya na mtayarishaji Brian Eno: "Huyu Brian Eno ametuharibia bendi. Afadhali wangebaki walipokuwa 2005." Mwaka 2011, Mylo Xyloto: "Rihanna anatafuta nini humu? Uko wapi ule uzito wa 2008?" Mwaka 2015, walipofanya kazi na Stargate, wale watayarishaji wawili wa Norwe wa nyimbo za kuchezeka, niliandika neno moja tu ambalo siwezi kulirudia hapa.

Umeona mchezo? Albamu niliyoizika mwaka huu ndiyo niliyokuja kuililia miaka mitatu baadaye. Ile "Coldplay ya zamani" niliyokuwa naidai haikuwa na makao. Ilikuwa inahama nyuma yangu kama kivuli.

Kwa hiyo, kama bendi yako nayo imebadilika na roho inakuuma, kabla hujaandika popote kwamba wamekwisha, tafuta daftari. Andika tarehe, andika unachokilalamikia hasa: ni dramu, ni mashairi, ni kolabo, ni sauti ya mwimbaji? "Siku hizi hawana ladha" haikubaliki, haina maana yoyote. Kisha lifunge. Utakapolifungua baada ya miaka mitatu utajijua wewe vizuri kuliko utakavyoijua bendi.

Jambo la pili lilinichukua muda mrefu zaidi kulielewa. Mimi nilikuwa naamini ipo sauti ya asili, ile ya Parachutes ya mwaka 2000: gitaa la taratibu, mwimbaji anayepanda juu kwa sauti nyembamba, na nafasi tele kati ya chombo na chombo. Baadaye ndiyo nikaja kujua kwamba Will Champion, mpiga dramu, hakuwa mpiga dramu. Alikuwa anapiga gitaa na vyombo vingine, akajiunga na wenzake pale chuo kikuu London, na kwa kuwa hawakuwa na mtu wa dramu, akajifunza. Basi ule utulivu niliouona kama falsafa ya bendi, kwa sehemu fulani ulikuwa ni kijana anayejifunza chombo kwa tahadhari! Nilikuwa namwomba mtu arudi siku alizokuwa bado hajui. Ungependa bosi wako akwambie ulifanya kazi vizuri zaidi ulipokuwa mwanagenzi?

Kuna na suala la bendi kuimba kwenye viwanja vikubwa, ambalo zamani nililiita njaa ya pesa. Sauti husafiri mita kama 340 kwa sekunde. Mtu aliyesimama mita 100 kutoka jukwaani anaipata ikiwa imechelewa karibu theluthi moja ya sekunde, tena mwangwi umeshaongezwa juu yake. Vipande vidogo vya muziki vya haraka na maneno mengi ya kunong'ona vinageuka uji. Kinachofika salama ni mdundo mpana, noti ndefu, na kile kiitikio cha "oo, oo" ambacho umati wote unaweza kukibeba. Bendi ikishaimba miaka kadhaa mbele ya maelfu kwa maelfu, hata inapokaa studio inaandika ikiwa inawasikia watu hao. Sisemi pesa haimo. Imo. Ila nilikuwa naitumia kama jibu la kila swali, na jibu linalofaa kila swali huwa ni uvivu.

Na sauti ya mwimbaji. Chris Martin alizaliwa 1977. Kwenye Parachutes alikuwa kijana wa miaka ishirini na tatu. Koo la mtu halikai palepale. Tayari kwenye Viva la Vida anaimba chini zaidi kuliko alivyotuzoesha. Nililalamika, bila shaka, ukurasa wa kumi na moja.

Sasa nifikie kitu ambacho ndicho kilinirudisha, kwa sababu kati ya 2011 na 2014 nilikuwa nimeondoka kabisa. Nilizifuta nyimbo zao kwenye simu. Rafiki yangu mmoja anayepiga gitaa kanisani aliniuliza, "Wewe katika bendi hii unamfuata nani?" Nikamwambia nawafuata wote. Akasema hapana, chagua mmoja. Nikamchagua Jonny Buckland, mpiga gitaa, kwa kuwa ndiye asiyesema sana.

Jaribu jambo hili, kwa kweli. Vaa spika za masikioni, chagua mtu mmoja kwenye bendi yako, msikilize yeye peke yake kutoka albamu ya kwanza hadi ya mwisho. Acha mashairi, acha kiitikio, mfuate yeye kama unavyomfuata mtoto wako kwenye halaiki ya shule. Buckland hapigi noti nyingi. Anachagua tatu nne za juu, anaziachia mwangwi, anazirudia mpaka zinakuingia mifupani. Kwenye "Fix You" ya 2005 anasubiri kinanda kizee kitembee nusu nzima ya wimbo, ndipo anaingia. Nikaenda kwenye Mylo Xyloto niliyoilaani, wimbo wa pili, "Hurts Like Heaven": yumo, tena anakimbia kuliko nilivyowahi kumsikia. Miaka mitatu nimemkosa kwa sababu nilikuwa namsikiliza Rihanna kwa hasira, na wala Rihanna hayumo kwenye wimbo huo.

Haimaanishi nimependa kila kitu. Hapa nakosana na mashabiki wenzangu wanaodhani mapenzi ni kumeza kila kinachopikwa. Albamu ya 2015 bado inanishinda. Najua Beyoncé yumo, najua watu waliicheza harusini, inanishinda. Nimeiruka kwa amani na sidaiwi na mtu. Albamu moja kukupita si talaka. Kosa langu la zamani halikuwa kuichukia, lilikuwa kwenda kumweleza kila anayeipenda kwa nini amekosea. Nilipoteza maongezi mazuri mengi namna hiyo, na rafiki mmoja.

Tena ukiwapa nafasi watakushangaza. Mwaka 2019, nikiwa nimeshajiandaa kwa ngoma za viwanjani, wakatoa Everyday Life, albamu ya nusu mbili, macheo na machweo, ambamo Femi Kuti wa Nigeria anapuliza saksofoni na Stromae wa Ubelgiji anaimba Kifaransa. Wala hawakwenda ziara kubwa nayo, wakisema wanatafuta kwanza namna ya kusafiri bila kuchafua sana mazingira. Kama ningekuwa bado nimesusa, ningeikosa.

Aliyenimaliza ni mpwa wangu. Yeye aliingia mlango wa 2021, kwa ule wimbo walioimba na BTS, kundi la Korea Kusini, uliofika namba moja Marekani. Nilikuwa nimeshaanza kufungua mdomo nimfanyie mtihani: wajua albamu ya kwanza, wajua nyimbo za kabla ya Eno? Nikanyamaza, kwa bahati. Wiki ile yeye mwenyewe akaja kuniuliza, "Mjomba, kumbe hawa watu zamani walikuwa na nyimbo za kulia namna hii?" Alikuwa amefika mwaka 2000 akitokea upande wa pili wa barabara, na kwake Parachutes ndiyo ilikuwa badiliko la ajabu.

Ndiye pia aliyeniuliza kama albamu ile ya 2021, iliyotayarishwa na Max Martin, mfalme wa watayarishaji wa pop, nimeisikiliza yote. Nikasema ndiyo. Nilikuwa nadanganya, niliishia katikati. "Mpaka wimbo wa mwisho, mjomba?" Wimbo wa mwisho, "Coloratura", una zaidi ya dakika kumi. Hakuna redio ya pop itakayoupiga. Buckland yumo humo anajinyoosha kama mtu aliyeamka Jumapili. Nilikuwa nimeandika hukumu ya kitabu ambacho sikukimaliza, na ipo kwenye daftari, kwa wino.

Tangu hapo nina sharti: hakuna kuandika kabla mwezi haujaisha, na lazima nifike wimbo wa mwisho, tena mara mbili: mara moja nimekaa, mara moja natembea. Kuna nyimbo zinazokataa kusikilizwa na mtu aliyekaa.

Moon Music ilipotoka Oktoba 2024 tuliisikiliza pamoja, mpwa wangu na mimi, tukigawana spika moja kila mmoja. Ilipoisha akasogeza daftari, akanipa kalamu. Nikamwambia mwezi haujaisha. Akalichukua yeye, akafungua ukurasa mpya, akaandika tarehe, na chini yake: "Mjomba amenyamaza."