Redio wamenialika, na najua wataniuliza kuhusu malipo

SWALI: Mimi ni katibu wa AMCOS, yaani chama cha ushirika, ya wakulima wa zabibu hapa Dodoma. Redio imeniomba mahojiano kuhusu mavuno ya Agosti. Nataka kuwahimiza wanachama walete zabibu chamani wasiwauzie walanguzi shambani, ila wapo ambao hatujawalipa za msimu uliopita. Mtangazaji akiliibua hilo, nilikwepe vipi?

JIBU: Usilikwepe, Katibu. Anayekudai naye ana redio. Ukianza kuzungukazunguka, atakushtukia kabla ya mtangazaji.

Kwanza mpigie mtayarishaji wa kipindi. Muulize kama ni laivu au mnarekodi, ni dakika ngapi, nani mwingine amealikwa, na kama sauti yako itaingia kwenye taarifa ya habari. Hilo la mwisho ndilo zito. Nimekaa chumba cha habari miaka mingi: mtu anaongea dakika 12, kwenye taarifa zinaingia sekunde 15 au 20. Mhariri anatafuta maneno yanayoeleweka yakisikika peke yake. Ukianza na "kama nilivyotangulia kusema", kipande hicho hakimfai; atachukua kingine, pengine kile ulichokisema kwa hasira.

Kwa hiyo kipande hicho kiandae mwenyewe. "Chama kimejipanga kuimarisha mnyororo wa thamani" hakina hata punje moja ya zabibu ndani yake. Linganisha na hiki: "Chamani zabibu yako inapimwa kwenye mzani ukiona kwa macho yako, shambani mlanguzi anakukadiria kwa ndoo." Kiseme kwa sauti huku ukitazama saa. Ukitaja briksi, eleza palepale kwamba ni kiwango cha sukari. Mkulima wa zabibu aina ya Makutupora nyekundu anaijua, muuza nyanya wa Soko la Majengo haijui.

Sasa deni. Lijibu kwanza, kwa ufupi, ndipo uhamie kwenye lako: "Ni kweli, wapo wanachama wanaotudai fedha zao, na tunawaomba radhi. Ni watu kadhaa, na kilichokwamisha ni hiki. Orodha tutaibandika ofisini tarehe fulani." Badala ya "kadhaa" na "fulani", taja idadi kamili na tarehe ambayo bodi imeshaipitisha, si unayoitamani. Baada ya hapo una haki ya kusema, "Na msimu huu tumebadilisha jambo moja..."

Akikuuliza, "Mmekula hela za wakulima?", usianze na "Hatujala hela za wakulima." Maneno hayo yakitoka kinywani mwako, ndiyo yatakayokuwa kichwa cha habari. Kama stakabadhi zipo, zungumzia stakabadhi. Takwimu usiyokuwa nayo usiibuni: "Nitakutumia kabla ya saa 10 jioni." Kisha itume kweli, maana wengi husahau hapo.

Maiki ihesabu iko wazi hadi utoke mlangoni. Mgeni wangu mmoja alidhani tumemaliza, akamnong'oneza mwenzake kwamba wakulima wenyewe ni wasumbufu. Tulikuwa laivu.

Wakitaka kurekodi shambani, waambie waje asubuhi. Upepo wetu wa Agosti mnaujua. Upepo ukishaanza, ingieni ndani ya gari mfunge vioo, hata kama ni joto. Niliwahi kutupa mahojiano mazuri kabisa ya mama mmoja mkulima kwa sababu kila neno la tatu lilikuwa upepo mtupu.