Programu ya Kurekodi Simu Inayodai Ruhusa Nyingi

SWALI: Ndugu Mhariri, ninapangisha vyumba mjini Morogoro. Kwa kuwa wapangaji wengine hukana makubaliano tuliyofanya kwa simu, nimepakua, nje ya Play Store, programu inayorekodi kila mazungumzo, nayo inadai ruhusa ya Ufikivu. Je, niikubalie?

JIBU: Usiikubalie, ndugu yetu. Ruhusa hiyo iliwekwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu, wakiwamo wasioona, ambao simu huwasomea yaliyoandikwa kwenye kioo. Kwa hiyo programu uliyoipa inaweza kusoma jumbe zako na hata kubonyeza vitufe kwa niaba yako. Ndiyo maana Mei 2022 Google ilizikataza programu za Play Store kuitumia kurekodi simu.

Kinachotusikitisha zaidi ni kurekodi kila mazungumzo, maana humo ataingia mama yako mzazi, na rafiki aliyekueleza shida yake ya ndani, bila hata mmoja wao kujua, ilhali Ibara ya 16 ya Katiba yetu inalinda faragha ya mawasiliano ya kila mtu.

Ukimaliza kuzungumza na mpangaji, mwandikie ujumbe mfupi: "Tumekubaliana kodi ya miezi mitatu ilipwe kabla ya tarehe 5; tafadhali thibitisha." Jibu lake lihifadhi, kwani chini ya Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, ujumbe haukataliwi kuwa ushahidi kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Programu hiyo iondoe leo, pamoja na rekodi ilizokwisha kuhifadhi.