Nimetubu kwa Machozi, Lakini Mpaka wa Shamba Haujarudi

*Shikamoo Mama. Mimi ni baba wa miaka 54, mkoani Kilimanjaro. Ndugu yangu alipofariki mwaka 2011, ukoo ulinichagua kuwa msimamizi wa mirathi. Kihamba chake, yaani shamba la nyumbani la ukoo, kinapakana na changu. Nilisogeza masale, mimea inayopandwa kuwa alama ya mpaka, nikachukua mistari sita ya kahawa pamoja na migomba yake. Mjane alilalamika, lakini ukoo ukaniunga mkono kwa kuwa ana mabinti watupu. Binti yake wa kwanza aliacha shule kidato cha pili. Miaka mitatu iliyopita niliokoka na sasa ni mzee wa kanisa. Nimetubu kwa machozi mbele za Mungu. Mchungaji ameniambia damu ya Yesu imeshafuta yote, nisitazame nyuma. Mke wangu anasema nisifukue makaburi, na kijana wetu ameshajenga sehemu ile. Lakini kila nikisoma habari za utii nakosa amani. Je, imani yangu si ya kweli? Na nikirudisha, si nitakuwa najaribu kujiokoa kwa matendo?*

Marahaba, baba.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nimekwama pale pale, kwa yule binti aliyeacha shule. Uliandika sentensi moja fupi ukaendelea na mengine. Mimi nitamrudia.

Kwanza swali lako. Siwezi kuupima moyo wako nikiwa huku mbali, wala machozi hayanisaidii kujua, maana binadamu hulia kwa toba, na hulia pia kwa kuogopa kukamatwa. Mtume Yohana alijua kwamba watu watauliza ulichouliza, akajibu katika waraka wake wa kwanza, sura ya pili: twajua ya kuwa tumemjua yeye, ikiwa tunashika amri zake. Kipimo chake kinaonekana kwa macho, na jirani anaweza kukisoma. Kwako wewe kimechomekwa ardhini, kati ya kihamba chako na cha marehemu ndugu yako.

Sasa hofu yako ya kujiokoa kwa matendo. Naiheshimu hofu hiyo, kwa sababu wokovu haununuliwi, na asitokee mtu akakuambia kwamba mistari sita ya kahawa itakulipia dhambi. Lakini msome Zakayo polepole, Luka 19. Yesu alimwita kabla hajarudisha hata senti: "Zakayo, shuka upesi, kwa kuwa leo imenipasa kushinda nyumbani mwako." Neema iliingia mlangoni kwanza. Zakayo akasimama mwenyewe, bila kuombwa, akasema nusu ya mali yake anawapa maskini, na aliowadhulumu anawarudishia mara nne. Torati ilimtaka anayekiri dhuluma kwa hiari arudishe mali yote na kuongeza sehemu ya tano tu, iko katika Mambo ya Walawi 6. Anayejinunulia msamaha hutafuta bei ya chini. Zakayo alikuwa ameshapewa, ndiyo maana hakuhesabu.

Na hapo hapo katika Walawi 6 tazama utaratibu. Aliyedhulumu anampa mwenye mali haki yake, ndipo analeta sadaka ya hatia kwa kuhani. Katika Mathayo 5 Yesu anasema hivyo hivyo: ukikumbuka madhabahuni kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka, uende upatane naye kwanza. Mchungaji wako amesema kweli kuhusu damu ya Yesu. Sidhani kama anajua habari za yale masale. Ulimwambia? Au ulimwambia tu kwamba una dhambi za zamani? Kama hukumwambia yote, amekupa dawa ya ugonjwa asioujua. Rudi kwake umweleze lote.

Hukutaja dhehebu, lakini kama ni Mlutheri kama wengi wa upande huo, basi Martin Luther mwenyewe, aliyetetea neema kuliko mtu yeyote unayeweza kumtaja, aliandika katika dibaji yake ya Waraka kwa Warumi, mwaka 1522, kwamba imani ni kitu kilicho hai na chenye shughuli, haiulizi kama kuna mema ya kutenda, maana kabla ya kuulizwa imekwisha kuyatenda. Kwa hiyo usiitumie neema kama komeo la kumfungia mjane nje.

Kuna jambo jingine ambalo hukuliandika, ila nalisoma katikati ya mistari. Mzee wa kanisa hutoa fungu la kumi. Unatoa, nina hakika, tena kwa uaminifu. Je, kahawa ya ile mistari sita imo? Mfalme Sauli aliagizwa asibakize kitu cha Waamaleki, akabakiza kondoo na ng'ombe wazuri, kisha akamlaki Samweli akisema ametimiza neno la Bwana. Samweli akamuuliza, mbona nasikia kondoo wakilia? Sauli akasema hao ni wa kumtolea Bwana dhabihu. Jibu la Samweli unalijua: kutii ni bora kuliko dhabihu. Baba, hukosi amani kwa sababu imani yako imekufa. Nadhani wale kondoo wanalia, na wewe masikio yako yamefunguka. Huo ni mwanzo mzuri.

Kuhusu ukoo kukuunga mkono kwa kuwa marehemu aliacha mabinti tu. Fungua Hesabu 27. Selofehadi alikufa akaacha mabinti watano, wakasimama mbele ya Musa wakadai fungu la baba yao. Mungu mwenyewe alisema wako sahihi, wapewe urithi kati ya ndugu za baba yao. Ndugu za baba yao, ndio wewe. Na sheria ya nchi yetu inasema hivyo hivyo: Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inampa mwanamke haki ileile ya ardhi aliyo nayo mwanamume. Ukoo ulikosea, na heshima uliyo nayo kwa wazee haikulazimishi kuendelea kukosea nao.

Mithali 23 inakataza kuondoa alama ya mpaka wa zamani na kuingia katika mashamba ya yatima, kwa maana mkombozi wao ni hodari na atawatetea. Mkombozi! Neno lile lile unaloliimba Jumapili. Huyo unayemwita Mkombozi wako ndiye wakili wa mabinti wale katika kesi hii, na wewe ndiwe mshitakiwa. Nililia nilipoyaweka maneno haya pamoja, kwa sababu nilikuona umesimama pande zote mbili.

Marehemu mama yangu alikuwa mmoja wa ndugu wa Uamsho, ule mwamko wa toba makanisani uliotoka Gahini kule Rwanda miaka ya 1930, ukapita Uganda ukaja hadi kwetu. Ndugu hao walisema mtu hutembea nuruni, na katika kutembea huko walirudisha vitu walivyoiba: fedha, mbuzi, vyombo vya mabwana waliowatumikia. Mama alikuwa mfuaji nguo hospitalini, na kabla hajaokoka alichukua mashuka mawili. Moja tulilalia sisi watoto. Alilifua, akalipiga pasi ya mkaa pamoja na lile jingine, akatembea nayo kichwani kuanzia alfajiri hadi hospitalini. Muuguzi mkuu hakujua ayafanyie nini, yalikuwa yamechakaa. Mama akarudi amechoka, akapika ugali, akaimba. Sisi usiku ule tulilala bila shuka. Sikumwelewa hata kidogo, na nilimkasirikia. Leo, nikitaka kujua imani ni nini, nakumbuka mashuka yale kichwani mwake kuliko mahubiri yoyote niliyosikia.

Sasa fanya hivi. Anza na mke wako, nyumbani, jioni, bila kumgombeza. Hofu yake ina msingi, kijana wenu ana nyumba pale. Mwambie wazi kwamba utarudisha, mkashauriane namna tu. Nyumba msiibomoe kwa pupa. Pimeni eneo lililojengwa, kisha mpe mjane hiari: achukue eneo lenye ukubwa na rutuba ileile kutoka kihamba chako upande unaopakana naye, au alipwe thamani yake, au adai lake lile lile. Uamuzi ni wake. Najua hili ndilo gumu kuliko yote, lakini kama utachagua wewe, utakuwa umemgawia mali yake mwenyewe kwa mara ya pili.

Mavuno nayo yanahesabika. Kama uliuza kahawa kupitia chama cha msingi cha ushirika, kumbukumbu za kilo huenda bado zipo. Piga hesabu ya misimu yote tangu 2011, ongeza ile sehemu ya tano. Ikiwa huwezi kulipa kwa mkupuo, lipa kwa misimu, lakini iandikwe, isainiwe mbele ya uongozi wa kijiji na mashahidi wa pande zote mbili. Na kwa kuwa ulikuwa msimamizi wa mirathi, nenda mahakama iliyokuteua uulize namna ya kurekebisha hesabu ulizopeleka. Usimalize jambo hili kwa kunong'ona uani.

Halafu yule binti. Miaka ya shule hairudishwi kwa jembe. Sasa ni mwanamke mzima. Mwendee, umwambie wewe kama baba yake mdogo au mkubwa kwamba ulichukua kilichokuwa karo yake. Usijitetee. Kisha muulize angependa nini, ufundi, mtaji, au kurudi darasani kwa njia ya watu wazima, na umsaidie kwa uwezo wako wote. Akisema hataki kukuona, mwache, ila fungu lake liweke.

Uzee wa kanisa, mwachie mchungaji na baraza waamue. Jitolee kukaa pembeni kabla hawajakuambia. Na ushuhuda usiutoe ibadani kabla mjane hajapata ardhi yake. Wasije wakakupigia makofi naye amekaa benchi la nyuma.

Pengine atakutukana. Pengine atapokea ardhi na asikusamehe. Haki yake haikuwekewa sharti la kukupa amani, na wewe usimdai.

Mila ya kwenu inakusaidia hapa. Isale ndiyo alama ya mpaka, na jani la isale ndilo hubebwa na anayekwenda kuomba radhi. Wewe uling'oa la kwanza, sasa beba la pili. Mwendee na watu wawili, mtu wa kwako na mtu wa kwao, ukamkabidhi jani hilo kwa mikono miwili, useme ulichofanya kwa jina lake, wizi, halafu unyamaze. Atakapokuwa tayari, nendeni mpakani pamoja na mashahidi. Isale hushika kwa tawi tu, na udongo ukishapata mvua za masika haichukui muda. Yeye aonyeshe mahali pa kuchomeka, wewe uchimbe.