Mama kaondoka, nimebakiza wiki nne nijifungue

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni binti wa Marangu, nimeolewa na mtu wa Machame, na tunaishi Sakina hapa Arusha. Nina ujauzito wa kwanza, wiki 36. Mama yangu mzazi alifariki mwezi uliopita, ghafla. Alianguka jikoni asubuhi, na mpaka wanamfikisha hospitali alikuwa ameshakata roho. Ndiye aliyekuwa aje kunilea nikijifungua.

Siku ya mazishi mama zangu wadogo waliniweka chumbani, wakasema mjamzito haagi maiti wala hasogei kaburini. Mama kazikwa hapo hapo kihambani, kwenye shamba la nyumbani, nikawa nasikia nyimbo tu kupitia dirishani. Sasa Jumamosi ya wiki ijayo kuna ibada ya shukrani. Dada zangu wanasema nisipofika nitakuwa nimemdharau mama. Mume wangu na mama mkwe hawataki hata kusikia habari za safari. Dada mkubwa ameacha kupokea simu zangu.

Kazini mimi ni keshia dukani, na bosi anasema siku nilizokwenda msibani atazikata kwenye likizo ya uzazi. Usiku silali. Nikilia naambiwa nitamdhuru mtoto, nikinyamaza naambiwa nina moyo mgumu. Nashindia chai ya rangi na mkate. Kichwa kinaniuma tangu juzi, nadhani ni kwa ajili ya kulia, na vidole vimevimba mpaka pete imegoma kutoka. Mama alishaniandalia begi la kujifungulia, kanga tatu na kopo la samli. Lipo kabatini, sijathubutu kulifungua. Nifanyeje?

Mfiwa, Sakina

*

Marahaba mwanangu, na pole sana. Mungu amlaze mama mahali pema.

Mambo ya dada zako nitayafikia. Kwanza rudi kwenye sentensi uliyoipitia mbio mbio kule mwishoni, ya kichwa na pete. Umeshajipa na sababu: "nadhani ni kwa ajili ya kulia". Huenda ni kweli. Lakini mjamzito wa wiki 36 mwenye kichwa kisichoacha na vidole vilivyovimba haachiwi akae anadhani. Miguu kuvimba jioni, baada ya kusimama kutwa nzima, huwapata wajawazito wengi. Mikono na uso ni habari nyingine, maana presha ya mimba mara nyingi hujionyesha hivyo, na ikiachwa inaweza kuishia kwenye kifafa cha mimba, ambacho huua mama na mtoto.

Kwa hiyo usisubiri tarehe iliyoandikwa kwenye kadi ya kliniki. Nenda leo, Mount Meru au kituo cha afya chochote kilicho karibu yako, wakupime presha na mkojo. Wakikuta 140 kwa 90 au zaidi, watataka wakuangalie kwa karibu, pengine wakulaze. Usigombane nao, wala usiwaambie una ibada Jumamosi. Ukianza kuona maruweruwe, au ukibanwa na maumivu makali chini ya chembe ya moyo, au ukitokwa damu, basi ni safari ya saa hiyo hiyo, hata kama ni saa nane usiku na mumeo ndiyo kwanza kalala.

Ninachokihofia kwa mjamzito aliyefiwa ni hiki. Machozi yake hayanitishi. Kinachonitisha ni kwamba kila kinachomtokea mwilini kinapewa jina moja tu. Kichwa kinauma? Msiba. Halali? Msiba. Mtoto amepunguza kucheza? Ah, naye anahisi huzuni ya mama yake. Watu wanasema hivyo kwa upole kabisa, huku wanakukanda mabega, na siku zinakwenda. Wewe unamjua mwanao anavyocheza kuliko mtu yeyote. Ukiona amepunguza kuliko kawaida yake, nenda ukaangaliwe siku hiyo hiyo. Wakikuta yuko salama, hakuna atakayekucheka.

Kuhusu kulia: lia. Mtoto hafi kwa sababu mama yake kamlilia bibi yake. Wanaokukataza wanakutakia mema, ila hawajafikiria kwamba mtu anayebana kilio mchana kutwa hukosa usingizi usiku kucha. Kitakachomuumiza mtoto ni hiyo chai ya rangi na mkate. Na hapa nikuulize, vidonge vyako vya kuongeza damu unavimezea nini? Kama ni hiyo hiyo chai, unajipunja, kwa sababu chai huzuia mwili kuyapata madini ya chuma. Meza kwa maji au juisi ya chungwa, chai iwe mbali na kidonge kwa saa moja au mbili. Huna hamu ya sahani nzima, sawa, usijilazimishe. Mtori bakuli dogo saa nne, maharage kidogo na mchicha mchana, parachichi jioni. Kula kama mtu anayetimiza wajibu, hamu itarudi yenyewe. Usiku lala ubavu, mto mmoja katikati ya magoti. Usingizi ukikataa, usilale chali ukiangalia dari na kujihesabia makosa.

Sasa safari. Kwa kweli nilitikisa kichwa niliposoma barua yako. Mwezi uliopita ndugu zako walikuficha chumbani wasije wakakuponza, na mwezi huu wale wale wanakuita ukiwa mzito zaidi. Lakini naomba usilishupalie hilo. Katazo la mjamzito kuaga maiti lipo kwenye makabila mengi, si Marangu pekee, na mama zako wadogo walikuwa wanakulinda kwa namna walivyofundishwa. Mimi siamini kwamba kumuona mama yako kwa mara ya mwisho kungemdhuru mtoto. Walichokuondolea ni kuaga. Kaa na mama mdogo mmoja, yule unayempenda zaidi, umwambie hivyo kwa utaratibu: "Mama, mimi sikumuaga." Usimlaumu. Halafu umwombe akupeleke kaburini, iwe siku ya ibada au siku nyingine. Nadhani atakubali kabla hujamaliza kusema.

Ukienda au usiende, hilo aamue mkunga baada ya kukupima. Dada zako wasiamue, mumeo asiamue, na mimi pia siamui. Presha ikiwa juu, safari hakuna, na mjadala umekwisha. Ikiwa kila kitu kiko sawa na akakuruhusu, nenda kwa gari dogo. Hiace ya kubanana watu wanne kwenye siti ya watatu usiipande. Kutoka Sakina hadi Marangu ni zaidi ya kilomita 100 na matuta yake yote, kwa hiyo simameni Boma Ng'ombe ushuke, utembee kidogo, uende chooni, na mkifika Himo mfanye hivyo tena. Mkanda wa gari ufunge, ule wa chini upite chini ya tumbo, kwenye nyonga, usipite juu yake. Beba kadi ya kliniki na lile begi, kwa maana ukishikwa na uchungu njiani, Moshi kuna Mawenzi na KCMC, na hospitali yoyote watakayokufikisha wataanza kwa kukuuliza kadi. Ukifika, kaa kwenye kiti. Hupiki, hugawi chakula, huteremki migomba yenye utelezi kumwonyesha mgeni kaburi. Wapo watakaosema umekuja kukaa kama bibi harusi. Waache waseme.

Usipokwenda, usitume udhuru kupitia mumeo, maana dada yako atasikia kwamba shemeji amekuzuia, na vita vitahamia kwa shemeji. Mtumie dada ujumbe wa sauti, kwa sauti yako, na kama utalia katikati usifute uanze upya. Mwambie: "Dada, natamani kuja kuliko unavyofikiri. Nimepimwa, wamenikataza kusafiri. Naomba unisomee maneno yangu kwenye ibada." Kisha mwandikie hayo maneno, nusu ukurasa unatosha. Dada mkubwa ndiye aliyeshika daftari la michango, ndiye aliyehangaika na maturubai na sufuria, na pengine tangu mama aanguke hajapata nusu saa ya kulia. Hasira yake inaishia kwako kwa sababu wewe ndiye mdogo wake, nawe unapokea simu. Mpe kazi anayoweza kukufanyia, utaona.

Begi lifungue kabla ya mwisho wa wiki hii. Usilifungue peke yako. Mwite mumeo akae kitandani tu, asiseme chochote. Kanga zilizokaa kwa mama zitakuwa na harufu ya moshi wa jikoni kwake na zitakutoa machozi, jiandae. Chukua moja usiifue, ifunge kwenye mfuko, hiyo ni yako. Mbili zilizobaki zifue kwa sabuni, zianike juani zikauke kabisa, upige pasi, kwa sababu mtoto akizaliwa anafutwa na kufunikwa kwa nguo safi na kavu. Mama alizinunua kwa kazi hiyo. Samli uitie kwenye mtori, isikae kabatini mpaka ichache. Halafu uliza wodi unayotarajia kujifungulia ni vitu gani vingine wanataka uje navyo, maana kila mahali wana orodha yao.

Anayekuja kukulea sasa ni mama mkwe, na hukuandika mengi juu yake, ila nimeona umekaa kimya mahali ambapo mtu mwingine angemsifu. Mpokee. Hatakuwa mama yako, na ukimpima kwa mama yako kila asubuhi mtachoshana kabla ya arobaini ya mtoto. Mwambie mapema mambo mawili. La kwanza, zipo siku utalia na haitakuwa kwa sababu ya uji wake. La pili ni kukandwa. Akina mama wengi wa huku wanaamini mzazi lazima akandwe kwa maji ya moto, na wengine wanayachemsha hasa. Maji ya uvuguvugu kiunoni na mgongoni hayana shida. Maji ya kuunguza hapana, wala popote penye mshono, uwe umeongezewa njia au umefanyiwa upasuaji. Ukiona vigumu kumwambia mkweo, mwombe nesi amwambie siku ya kuruhusiwa, yeye akiwa amesimama hapo. Maneno ya nesi hayagombanishi ukoo.

Bosi wako tusimzungushie. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku zisizopungua 4 zenye malipo anapofiwa na mzazi, na likizo ya uzazi ni siku 84, au 100 ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Hizo ni likizo mbili tofauti, huwezi kukata moja ukalipia nyingine. Ikiwa ulikaa msibani zaidi ya hizo 4, mzungumze jinsi ya kuzihesabu zilizozidi, lakini za uzazi zibaki nzima. Tena unaweza kuanza likizo wiki 4 kabla ya tarehe unayotarajia kujifungua, yaani sasa hivi, na kwa hali yako mimi ningeanza. Mwandikie barua, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Akikataa, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inapokea malalamiko ya namna hii, na huhitaji wakili kuyafungua. Mumeo naye ana siku zake 3 ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe, kama ameajiriwa. Azichukue.

Hii ya mwisho mpe mumeo aisome. Baba, mtoto akishazaliwa mkeo atafurahi na atafiwa upya, pengine ndani ya saa moja, kwa sababu mtu wa kwanza ambaye angempigia simu hayupo. Hiyo ni kawaida, kaa naye. Machozi ya siku za mwanzo huwapata wazazi wengi. Lakini ukiona wiki mbili zimepita na bado halali hata mtoto akilala, hataki kumshika, hali chakula, au anasema mngekuwa heri bila yeye, usimwachie mama yako amwombee tu, na usiseme ni msiba utapita. Hiyo inaweza kuwa sonona baada ya kujifungua, na inatibika. Akizungumzia kujidhuru au kumdhuru mtoto, usisubiri wiki mbili wala siku mbili. Mpeleke hospitali, uingie naye kwa daktari, na ueleze wewe ulichokiona, kwa sababu yeye akiulizwa atasema yuko sawa.