Wifi, mtoto bado ni Mkenya

Wifi, ujumbe wako wa sauti wa Jumapili nimeusikiliza mara mbili. Unauliza: mtoto kazaliwa Uingereza, ana paspoti ya huko, mbona hatuji Kisumu nyanya yake amwone? Nakujibu bila kuficha, maana najua hapo Kondele si wewe pekee unayeuliza.

Paspoti ya huku hana. Tangu 1983 sheria ya Uingereza haimpi mtoto uraia kwa kuwa tu amezaliwa hapa. Sharti mzazi mmoja awe raia au awe na kibali cha kuishi moja kwa moja. Mimi na ndugu yako tuko kwa viza ya kazi. Mtoto ni Mkenya, basi, na bila paspoti ya Kenya hapandi ndege.

Ukenya wake hauna shaka. Katiba ya 2010 inasema mama au baba akiwa raia, mtoto ni raia popote azaliwapo. Zamani mtoto wa nje alipata uraia kwa baba tu, na nikiwawaza akina mama waliojifungua huku enzi hizo, moyo unaniuma.

Kazi ni kuuthibitisha. Mara ya kwanza nilienda ubalozi wa Kenya na cheti chake kifupi cha kuzaliwa, chenye jina, tarehe na wilaya. Majina ya wazazi hayamo kabisa! Nikarudishwa na mtoto mgongoni, mvua inanyesha, nauli ya treni imeliwa na mshahara wa siku umeenda. Kinachotakiwa ni kile kirefu. Mara ya pili shida ikawa kwangu: kitambulisho kinasema Adhiambo, cheti changu cha kuzaliwa kinasema Adiambo. Herufi moja, karani aliiruka nikiwa mchanga na hakuna aliyeona haja ya kuirudisha. Nikaapa mbele ya wakili kwamba hao wawili ni mtu mmoja, natia sahihi huku machozi yananitoka.

Kwa hiyo mdogo wetu anayejiandaa kuja, tafadhali mkalishe. Atandaze cheti, kitambulisho na paspoti mezani, asome jina lake herufi kwa herufi, na kosa alirekebishe angali Kisumu. Cheti cha ndoa asikiache kwenye sanduku la mama. Huku mtoto huandikishwa ndani ya siku 42, na wazazi wasiooana wasipoenda wote wawili, jina la baba huenda likakosekana.

Paspoti ya mtoto wetu tunaisubiri. Ikifika, mwambie nyanya yake nitampigia yeye kwanza, kabla hata ya kuuliza bei ya tiketi.