Plagini imegoma baada ya kuhamia seva mpya

SWALI: Nimehamishia tovuti yangu ya WordPress kwenye seva mpya. Kurasa zinafunguka vizuri, ila nikiwasha plagini ya fomu tovuti nzima inakuwa nyeupe, na hata dashibodi siingii. Kwenye seva ya zamani haikuwa na shida. Nimeifuta na kuisakinisha upya mara nne. Mbovu ni plagini au seva?

JIBU: Huenda hakuna kilicho kibovu, ila haviendani. Kwanza acha kuifuta. Baadhi ya plagini zikifutwa kupitia dashibodi huondoka na mipangilio yake kwenye hifadhidata, na kusakinisha upya hakuirudishi.

Ili uingie tena, fungua sehemu ya faili kwenye paneli ya seva, nenda wp-content/plugins, ubadilishe jina la folda ya plagini. Kuongeza "-zima" mwishoni kunatosha. Ingia kwenye dashibodi, fungua ukurasa wa plagini, na WordPress ikiikosa folda itaizima yenyewe. Kisha rudisha jina la awali. Tangu toleo la 5.2, WordPress hutuma barua pepe yenye kiungo cha kuingilia inapoangushwa namna hii, lakini seva mpya ambayo haijapangiwa barua haitaifikisha, kwa hiyo usikae ukiisubiri.

Sasa itafute sababu yenyewe. Ukurasa mweupe maana yake kosa limefichwa. Katika wp-config.php, juu ya mstari wa maelezo unaokutaka uishie hapo kuhariri, weka:

define( 'WP_DEBUG', true );
define( 'WP_DEBUG_LOG', true );
define( 'WP_DEBUG_DISPLAY', false );

Kama WP_DEBUG tayari imo ikiwa false, badilisha hiyohiyo. Ukiongeza ya pili, PHP (lugha inayoendesha WordPress) itashika ile ya kwanza na utashangaa mbona hakuna kilichoandikwa. Washa plagini, iache ianguke, halafu fungua wp-content/debug.log na utafute "PHP Fatal error".

Ukikuta "Call to undefined function create_function()", plagini ni ya zamani na seva inatumia PHP 8. Kazi (function) hiyo iliondolewa kwenye PHP 8.0, iliyotoka Novemba 2020. Dawa ni kusasisha plagini. Unaweza kushusha PHP hadi 7.4 kwenye paneli ili upumue siku mbili tatu, lakini toleo hilo liliacha kupewa marekebisho ya usalama mwaka 2022, kwa hiyo usihamie huko.

Ikitajwa kazi kama imagecreatefromjpeg(), kiendelezi cha gd, kinachoshughulikia picha kwenye PHP, hakijawashwa. Kwenye paneli nyingi ni kuweka tiki tu. "Allowed memory size of 41943040 bytes exhausted" ni kumbukumbu ya MB 40 iliyojaa. Weka define( 'WP_MEMORY_LIMIT', '256M' ); ujaribu tena. Namba kwenye kosa isipobadilika, seva imefunga kiwango chake, na hapo waandikie wenye seva waongeze memory_limit. Wanakilie mstari wa kosa kama ulivyo; "plagini haifanyi kazi" haiwasaidii kitu.

Ukimaliza, rudisha WP_DEBUG kuwa false na ufute debug.log, maana mara nyingi mtu yeyote anaweza kuifungua kwenye kivinjari.

SWALI: Mimi nilibadilisha na jina la tovuti. Plagini inawaka bila kosa, ila mipangilio yake yote imekuwa mitupu. Anwani nilizibadilisha kwa kutafuta na kubandika ndani ya faili la SQL.

JIBU: Hapo ndipo ulipoharibu. Plagini nyingi huhifadhi mipangilio pamoja na idadi ya herufi, hivi:

s:22:"https://zamani.example"

Baada ya kubandika ikawa s:22:"https://mpya.example". Anwani mpya ina herufi 20, PHP inahesabu 22, hesabu haikubali, na rundo zima la mipangilio linakataliwa. Rudisha nakala ya hifadhidata ambayo hukuigusa, kisha tumia WP-CLI, zana ya kuendesha WordPress kwa kuandika amri kwenye terminali ya seva, ambayo husahihisha hesabu hizo:

wp search-replace 'https://zamani.example' 'https://mpya.example' --skip-columns=guid --dry-run

Hilo ni jaribio tu, litakuonyesha idadi ya mabadiliko kwa kila jedwali. Ukiridhika, ondoa --dry-run uliendeshe tena.