Je, saini zetu zitamsaidia Nyaatha kutangazwa mtakatifu?

Swali: Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Jumuiya yetu hapa Nyeri ina ibada kubwa kwa Mwenyeheri Irene Stefani, yule sista mmisionari wa Consolata tunayemwita Nyaatha. Shangazi yangu alipona kansa mwaka 2013 baada ya novena, yaani sala za siku tisa, kwake. Mwaka 2022 mtoto wa binamu yangu alilazwa Nakuru kwa homa ya uti wa mgongo, madaktari wakatuambia tujiandae kwa lolote, lakini akapona. Tumeanza kukusanya saini tuzipeleke Roma. Kuna lingine la kufanya?

Jibu: Milele na milele, amina. Saini wekeni kando kwanza. Zingekuwa na maana mwanzoni kabisa, pale Kanisa linapouliza kama watu wanamwona marehemu kuwa mtakatifu. Kwa Nyaatha hatua hiyo ilikwisha pita: fadhila zake zilichunguzwa, muujiza ukathibitishwa, na tarehe 23 Mei 2015 akatangazwa mwenyeheri, hatua ya mwisho kabla ya utakatifu, hapo hapo Nyeri. Kinachotakiwa sasa ni muujiza mmoja mwingine, tena uliotokea baada ya siku hiyo.

Kwa hiyo habari ya shangazi, hata iwe nzuri namna gani, haiwezi kutumika. Mshukuruni Mungu kwa uhai wake.

Ya mtoto inaweza kuchunguzwa, ila nakuuliza jambo ambalo watu hulisahau: mlimwomba nani? Kama novena ilikuwa ya Nyaatha, bibi akawa anamwomba Mtakatifu Rita, na mama mtoto Mtakatifu Antoni, hakuna atakayeweza kusema ni maombezi ya nani yaliyojibiwa. Sisemi mlikosea. Mtoto akiwa mahututi, mtu hubisha kila mlango. Lakini Roma watauliza.

La pili ni faili la hospitali. Hapa ndipo kesi nyingi za kwetu hufia. Ushuhuda wa machozi upo, karatasi hazipo. Wazazi waombe mapema nakala za vipimo vya maji ya uti wa mgongo, picha za kichwa, orodha ya dawa na maelezo ya kila siku ya wauguzi. Jopo la madaktari huko Roma haliulizwi kama huu ni muujiza. Linaulizwa ugonjwa ulikuwa upi, hali ilitarajiwa kuishia wapi, tiba ilifanya nini, na kama sayansi ina maelezo. Kwa kanuni za mwaka 2016, jopo likiwa na wajumbe 7, angalau 5 lazima wakubaliane kwamba maelezo hayapo. Nikuambie ukweli: homa ya uti wa mgongo inayosababishwa na bakteria hutibika kwa antibiotiki, kwa hiyo swali la kwanza litakuwa dawa ilianza lini na mtoto alibadilika lini. Uponyaji unapaswa kuwa wa haraka, kamili na wa kudumu.

Karatasi zikipatikana, mwandikieni postulata, yaani msimamizi wa mchakato, kupitia Masista Wamisionari wa Consolata. Yeye ndiye atakayemwomba askofu afungue uchunguzi, na askofu huyo ni wa Nakuru, mahali jambo lilipotokea, si wa Nyeri. Kila shahidi aandike kivyake. Tafadhali msitungie ushuhuda mmoja kwenye WhatsApp kisha kila mtu akabandika jina lake; maneno yakifanana neno kwa neno, mchunguzi husikia harufu ya kupangwa. Wala msitangaze kanisani kwamba ni muujiza kabla Kanisa halijasema. Michango nayo isikusanywe kiholela, maana fedha za mchakato zina msimamizi wake rasmi na hukaguliwa.

Muujiza si lazima uwe uponyaji. Ule uliokubaliwa kwa Nyaatha ulitokea Nipepe, Msumbiji, Januari 1989, wakati wa vita. Makatekista na familia zao walijificha kanisani kwa siku kadhaa, wakamwomba, na maji machache ya kisima cha ubatizo yakawatosha. Hapakuwa na faili la hospitali pale. Uzito wote ulibebwa na mashahidi walioulizwa mmoja mmoja. Wenu una hospitali, basi anzieni huko, kesho ikiwezekana, kabla faili halijatupwa.